Gando Lisiloachia

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Methali ya wazee inasema kinyume chake, na mara nyingi wazee husema kweli. Lakini mwaka ule reli ya Mpanda ilipoanza kujengwa kutoka Kaliua, katika kijiji cha Mizigo karibu na Tabora, waliotii ndio waliougua. Na mtiifu kuliko wote alikuwa Josepha.

Kila alfajiri Josepha alijitwisha debe tupu, akapita nyuma ya tembe la Bibi yake, akaifuata njia ya zamani ya misafara. Misafara yenyewe ilikwisha kabla mama yake hajazaliwa, lakini njia ilikuwa bado ipo. Nyayo za wapagazi zilikuwa zimeichimba ikawa kama mfereji mkavu, na majani hayakukubali kuota katikati yake. Mbele kidogo njia iligawanyika. Kulia, karibu kabisa, kilikuwapo Kisima cha Mizigo, mahali ambapo maji hutoka chini ya mwamba, na ambapo wapagazi wa zamani walitua mizigo yao kupumzika. Kushoto, mbali, lilikuwapo lambo walimokunywa ng'ombe, lenye maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Josepha alikwenda kushoto. Njia ya kulia ilikuwa imezibwa kwa matawi ya miiba, na kila alipoyapita alikaza macho mbele. Masikio hayakukazika. Aliyasikia maji yakitiririka nyuma ya miiba, na siku nyingine alisikia kitu kikikwaruza jiwe, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa kucha.

Mambo yalianza mwisho wa masika. Siku hiyo Bibi Ngollo alikwenda kisimani pamoja na Josepha. Alipoinama kuchota kwa kata, kaa mkubwa kama kiganja cha mtu mzima akatoka chini ya mwamba, akambana kidole. Bibi alikung'uta mkono, kaa hakuachia. Josepha akamkamata kaa kwa nyuma, akavuta. Ikasikika sauti ndogo, kama kijiti kikavu kinapovunjika, na kaa akawa huru. Akamponyoka Josepha, akaingia chini ya mwamba upande upande, akatoweka.

Gando lake lilibaki kwenye kidole cha Bibi. Tena lilikuwa likibana.

Walirudi nalo nyumbani. Njiani Bibi alikitazama kidole chake tu, na gando lile jekundu lisilo na mwili likiendelea kushika. Mama yake Josepha, Getruda, ndiye aliyelifungua kwa ncha ya kisu.

"Nani aliyelikata?" Bibi aliuliza.

"Hakuna aliyelikata, Bibi," Josepha alijibu. "Limekatika lenyewe."

Bibi aliishika rozari yake shingoni. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa hajapata kulisema mbele ya watoto.

"Nilipokuwa msichana kama wewe, msafara uliokuwa ukitoka Ujiji ulilala hapo kisimani. Asubuhi ukaondoka, ukamwacha mpagazi mmoja mwenye homa. Mama yangu aliniongoza kuchota maji. Tulipompita, akanikamata kidole. Kidole hikihiki. Hakuwa na nguvu ya kusema, lakini ya kushika alikuwa nayo. Mama alimfungua vidole kimoja kimoja, akanikimbiza nyumbani. Jioni wanaume walipokwenda na uji, walimkuta amekufa."

"Wakamzika?" Josepha aliuliza.

"Wangemzikaje? Maiti huzikwa na watani wake, ndio wanaochimba kaburi na kumfanyia mzaha mpaka roho yake iridhike kuondoka. Yule hatukujua kabila lake, basi hatukujua watani wake. Walimfunika kwa mawe tu." Bibi alikitazama kidole chake. "Msafara uliondoka. Mkono ukabaki."

Kutoka siku ile Josepha hakupenda kukaa upande wa kidole kile.

Baada ya majuma kadhaa, Josepha na mama yake walimkuta kaa juu ya jiwe la kisimani, ametulia, bila gando la kulia. Josepha alimgusa kwa kijiti. Kaa akaanguka, akaviringika kama ganda la hindi. Ndani hamkuwa na nyama. Hamkuwa na kitu. Miguu ilikuwapo yote mingine, hata magamba membamba ya macho yalikuwapo, lakini mwenyewe hakuwapo.

Bibi alipoonyeshwa, alisema kwa sauti ya chini, "Ametoka mwilini. Sasa anatembea."

Habari ilimfikia Mzee Luhende, shemeji yake Bibi, ambaye alikuwa jumbe wa kijiji. Siku ileile alikata miiba, akaiziba njia. "Maji haya yana mwenyewe," alisema. "Asionekane mtu hapa." Na watu wote walisikia la mkuu.

Kiangazi kilipokolea, maji ya lambo yakawa mazito. Watoto wa Mizigo walianza kuharisha, mmoja baada ya mwingine. Damas, mdogo wake Josepha, alikuwa na umri wa miaka minne. Aliharisha damu mpaka shingo yake ikawa nyembamba kama ya kifaranga. Baba yao, Sylvester, alikuwa mbali, Kaliua, akipiga nyundo relini. Getruda alimbeba mtoto mgongoni mpaka zahanati ya misheni.

"Mnakunywa maji ya wapi?" mganga aliuliza.

"Ya lambo."

"Yachemsheni. Au tafuteni mengine. Dawa yangu haiwezi kushindana na debe la kinyesi kila siku."

Walichemsha. Lakini kuni zilikuwa mbali, na mtoto mwenye kiu hangoji maji yapoe. Damas aliinuka, akaanguka tena. Jioni moja alimwomba Josepha maji, na Josepha alipompa, akamshika kidole. Hakuwa na nguvu ya kusema, lakini ya kushika alikuwa nayo.

Asubuhi iliyofuata Josepha alifika penye miiba, akasimama. Kisha akatambaa chini yake na debe lake.

Kisima kilikuwa kimetulia, maji yakionyesha kila changarawe. Josepha alichota. Debe lilipokaribia kujaa, kaa alitoka chini ya mwamba, akasimama akimtazama kwa macho yaliyochomoza juu ya vijiti. Gando la kushoto lilikuwa kubwa. Upande wa kulia, palipokatika, palikuwa na gando jingine, dogo, jeupe, laini, kama mkono wa mtoto mchanga.

Josepha hakukumbuka alivyofika nyumbani. Alikumbuka tu kwamba maji hayakumwagika.

"Mbona maji leo yanang'aa?" Bibi aliuliza.

"Nimeyaacha yatuame, Bibi. Ni ya lambo."

Uongo wa kwanza ulimchoma ulimi. Uliofuata ulipita kwa urahisi zaidi, na hilo ndilo lililomtisha. Lakini Damas aliacha kuharisha. Akaanza kuomba ugali, kisha akaanza kumfukuza kuku wa jirani, na Getruda akaimba akitwanga. Josepha alijiambia kwamba uongo unaoponya si uongo.

Siku moja, Bibi alizamisha kata mtungini, akaitoa. Kwenye ukingo wa kata aling'ang'ania kaa mchanga, mdogo kama kifungo cha shati.

Kata ilianguka, ikapasuka.

"Amenifuata nyumbani," Bibi alisema.

Hakupiga kelele. Alitoa mkeka wake nje, akaketi kando ya mlango, akasema kwamba marehemu amekuja kumchukua Damas, naye atakaa mlangoni ili achukuliwe yeye badala ya mtoto. Hakula. Maji hayakupita midomoni mwake, ya lambo wala ya mtungi. Getruda alimsihi, akamlilia. Jua la Oktoba liliwaka. Kesho yake midomo ya Bibi ilikuwa imepasuka, na kila Damas alipopita mlangoni, alimvuta nguo na kumrudisha ndani.

Josepha alikwenda shuleni akijiuliza swali moja njia nzima. Bibi akifa kwa kiu, nani atakuwa amemwua?

Mwalimu wao wa maarifa ya viumbe alikuwa Mwalimu Maua, msichana Mzaramo kutoka Mbwamaji, pwani, aliyekuwa hajamaliza mwaka Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na wanafunzi walikuwa wamekwisha kuligundua hilo. Asubuhi ile Masolwa, mvulana mwenye ulimi kuliko wote, alimsalimu mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekula kaa wangapi leo?"

"Marahaba, Masolwa. Nimewaacha, niliambiwa Mnyamwezi anawataka awabebe kichwani mpaka Bagamoyo. Ninyi mkiona chochote kimefungwa kamba, mnakibeba."

Darasa lilicheka. Josepha hakucheka. Aliposikia neno kaa, aliinamisha kichwa juu ya dawati, akaanza kulia.

Wakati wa mapumziko alimweleza Mwalimu Maua kila kitu: kidole, gando, gamba tupu, mkono mdogo mweupe, debe, na uongo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Bibi yako amekaa bila maji tangu jana?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Masomo yakiisha tunakwenda. Lakini utasema wewe kwanza. Mimi sisafishi nyumba ambayo mwenyewe hajafungua mlango."

Walipofika, Josepha alipiga magoti mbele ya mkeka. Mzee Luhende alikuwapo, na majirani pia, wameketi kama watu waliowahi msiba.

"Bibi, nisamehe. Maji ni ya kisima. Nilipita chini ya miiba nikakudanganya. Yule kaa mdogo hakuja mwenyewe. Nilimleta mimi ndani ya debe, bila kujua."

Mzee Luhende aliinuka nusu. Bibi alimzuia kwa mkono.

"Nimekusamehe," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama pumba. "Lakini kisima chenyewe ni cha nani, mjukuu wangu? Hilo hujalijibu."

"Bibi, shikamoo," alisema Mwalimu Maua. "Nimesikia lile gando umelitunza. Naomba ulilete, twende kisimani pamoja. Ukiona nimedanganya, rudi kwenye mkeka wako, sitakuzuia."

Bibi alimtazama sana. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo. Ndani yake, katika majivu, lilikuwamo gando.

Walikwenda wote. Getruda alimshika Bibi mkono. Mwalimu Maua aliivuta miiba kando, akapiga magoti ukingoni, akangoja. Maji yalitiririka, na chini ya mwamba kitu kikakwaruza jiwe. Watu wakarudi nyuma. Mkono wa Mwalimu ukaenda haraka, ukamkamata kaa kwa nyuma ya gamba, mahali ambapo magando hayafiki.

Alikuwa yuleyule, mwenye gando moja kubwa na moja dogo.

"Bibi, kaa akishikwa na adui, ndege au fisi maji, hukata mguu wake mwenyewe. Hapa, kwenye shina, ana mahali palipoumbwa pavunjike. Utando hufunga kidonda mara moja, asitoke damu akafa. Anaacha mguu, anaokoa roho. Josepha alipomvuta, alimdhani adui."

"Mguu uliokatwa hauna akili," Mzee Luhende alisema. "Ule uliendelea kushika."

"Tazama, Babu." Mwalimu alimgeuza kaa chali, tumbo jeupe likaonekana. "Sisi tuna ubongo mmoja mkubwa kichwani. Kaa ana ubongo mdogo hapa mbele, kati ya macho. Lakini katikati ya kifua, hapa, ana fundo kubwa la mishipa ya fahamu. Mnaijua Tabora ilivyokuwa zamani. Njia moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe, nyingine Ufipa, nyingine pwani. Fundo hili ni Tabora yake. Kila mguu una njia yake kutoka hapo, na amri hupita humo: tembea, simama, shika."

Alimrudisha kaa majini. Kaa akasimama kidogo, kisha akaondoka upande upande. Mwalimu akachukua gando kutoka kwenye kibuyu.

"Kaa alipombana Bibi, amri ya kushika ilikuwa imekwisha kufika. Kisha njia ikakatika. Mishipa iliyobaki ndani iliendelea kutetema, na misuli ikajifunga. Hapakuwa na wa kuiambia ifungue. Ni kama waya wa simu wa stesheni ukikatika baada ya neno moja. Gando lilishika kwa sababu halikupata habari kwamba mwili umekwenda."

"Na yule mtupu, juu ya jiwe?" Getruda aliuliza.

"Gamba la kaa halikui. Yeye akikua, hulipasua kwa nyuma, akajivuta nje, mguu kwa mguu, macho kwa macho, akaliacha. Hujificha mpaka jipya ligande. Na humo katika gamba jipya ndimo gando lililopotea huanza kuota. Kwanza dogo. Akijivua tena na tena, litalingana na jingine."

Josepha aliyatazama maji. Kitu alichokiogopa tangu masika kilikuwa kikila jani lililooza, kwa mkono wake mdogo.

Lakini Bibi Ngollo hakusogea. "Binti," alisema, "umenieleza kaa. Hujanieleza mpagazi."

Mwalimu Maua alifuta mikono yake kwenye kanga.

"Kweli," alijibu. "Hilo si la darasani. Mawe yake yako wapi?"

Bibi alinyoosha kidole. Kando ya njia, chini ya kichaka, kulikuwa na rundo dogo la mawe lililozama ardhini. Josepha alikuwa akilipita kila siku.

"Mlishindwa kumzika kwa sababu hamkujua kabila lake," Mwalimu alisema. "Nisikilizeni. Kama alikuwa Mnyamwezi, mimi ni mtani wake, na nimekuja. Kama alikuwa Mzaramo, ninyi ndio watani wake, na mmechelewa kazini miaka hamsini, wavivu wakubwa. Kama alikuwa wa kabila jingine, basi leo nimemfanya Mnyamwezi, aone haya kukataa. Nipeni jembe."

Alichimba shimo dogo kando ya mawe, akaliweka gando ndani. Kisha akasimama, mikono kiunoni, akamsemesha marehemu kwa sauti ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia.

"Wewe mpagazi, huna haya? Umelala njiani nusu karne na mzigo wa watu! Msafara ulifika zamani, pembe zimeuzwa, tajiri mwenyewe kaoza huko Bagamoyo na hakuacha hata salamu zako. Nawe bado umemkamata mwanamke wa watu kidole, kama mposaji asiye na hata mbuzi wa mahari. Amezeeka sasa, meno hana, humwoi. Mwili umekwenda, ndugu yangu. Achia."

Mtu mmoja aliguna kwa hofu. Getruda alifunika mdomo. Kisha sauti ya ajabu ikasikika, kavu, ikikwama na kuanza tena. Bibi Ngollo alikuwa akicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akafukia shimo kwa mikono yake miwili. Alipomaliza, alitelemka kisimani, akainama, akakiingiza kidole chake majini, akakiacha humo. Hakuna kilichokishika. Akakinga viganja, akanywa.

Mwalimu Maua alimwita Josepha karibu.

"Ukiogopa kitu, kitazame, tena mchana, na ukiweza mbele ya watu. Hofu isiyotazamwa huota miguu. Kuchota maji haya hukukosea, ulimwokoa mdogo wako. Lakini uliificha kweli, na kweli iliyofichwa ikaja kutoka mtungini na kumtisha Bibi yako karibu afe. Ungesema mapema, ungegombezwa siku moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu. Je, maji haya tuyachemshe?"

"Yachemsheni vilevile. Kaa hanawi miguu."

Mzee Luhende aliitupa miiba yake mbali, mmoja mmoja, bila furaha. Jumbe hapendi kuonekana amekosea, na alipomaliza alirudi akasimama mbele ya Mwalimu Maua, fimbo mkononi.

"Mwalimu, kisima tumekifungua. Shukrani zako utazipata, na kuku, haki ya mtani aliyezika, utapewa. Lakini umemtukana marehemu kwenye kaburi lake, umemwambia hana haya, na sisi umetuita wavivu, mbele ya watoto. Mtoto huyu ameomba radhi. Sasa ni zamu yako. Omba radhi."

Bibi Ngollo alikuwa bado ukingoni, maji yakimchuruzika kidevuni, akingoja kwa hamu kusikia jibu.

Mwalimu Maua alilichukua jembe, akalifuta udongo kwa jani, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Mtani akiomba radhi, Babu, marehemu atadhani sikuwa mtani, na kesho atarudi kushika vidole vya watu," alisema. "Kuku nitamchukua. Radhi siombi."